Risala ya Viongozi na Wachezaji wa Ligi ya Mitaa, Malindi, kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kutunuku Vikombe

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwenyekiti wa ligi yetu, wazee wetu mlioketi mbele, makocha, waamuzi, wachezaji, akina mama mlio jikoni tangu alfajiri, na nyinyi mashabiki mliopanda ukutani ilhali viti vipo: Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Karibu tena uwanjani. Tutajitahidi tusikuchoshe, maana refa wa fainali ya leo ana zamu ya usiku hotelini na ameshaanza kutazama saa.

Mheshimiwa, siku ya kufungua ligi ulituuliza swali hadharani. Ulisema: huyu alfajiri alikuwa baharini, yule anaendesha tuktuk, mwingine anatandika vitanda vya watalii, je, hii ni ligi au ni burudani ya jioni? Watu walicheka, nasi tukacheka kwa adabu. Lakini swali lilitukaa. Vijana wa kamati yetu ya kumbukumbu wakaingia intaneti kutafuta kama dunia imewahi kuwa na ligi ya watu wa aina yetu. Wakaikuta Marekani, nchi ambayo hakuna aliyeitarajia kwa habari za soka. Leo tunaomba kukujibu.

Mwaka 1921 Wamarekani walianzisha American Soccer League katika miji yao ya viwanda ya kaskazini mashariki. Pesa zilikuwepo, wachezaji wakavutwa kutoka Scotland, na mshambuliaji mmoja wa timu ya Bethlehem Steel, Archie Stark, alifunga mabao 67 katika msimu wa 1924–25. Viongozi wakagombana na shirikisho lao kuhusu kombe la taifa, uchumi ukaanguka, na kufikia 1933 ligi ilikuwa imekwisha. Hiyo tuipite.

Iliyotugusa ni ya pili, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1933 kwa jina lilelile, ila kwa mfuko mwembamba. Hii ilidumu miaka 50. Kwa sehemu kubwa ya umri wake, wachezaji walikuwa watu wa kazi: klabu ilikupa kitu kidogo kwa mechi, ugali ulitoka kwingine. Timu zilikuwa za wahamiaji na mitaa yao. Kearny Scots, timu ya Waskoti wa New Jersey, ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo, 1937 hadi 1941. Brooklyn kulikuwa na Hispano, Philadelphia wakaja kuwa na Ukrainian Nationals. Kulikuwa hata na Uhrik Truckers, iliyobeba jina la kampuni ya malori, na ikawa bingwa 1955 na tena 1956. Vijana wetu wa stendi ya matatu wamesikia habari hiyo na tayari wanataka kubadilisha jina.

Sasa twende Belo Horizonte, Brazil, tarehe 29 Juni 1950. Mashabiki wa timu za Uingereza mliopo hapa, na tunajua mko wengi kwa sababu siku wanazocheza sisi hukosa watazamaji, mtuwie radhi. England ilikuja Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikiwa na Billy Wright, Tom Finney na Alf Ramsey. Upande wa pili, kwa timu ya Marekani, walisimama hawa: Frank Borghi langoni, ambaye huko kwao St. Louis aliendesha gari la kubebea maiti. Walter Bahr, mwalimu wa shule, mchezaji wa Philadelphia Nationals katika ligi hii tunayoisimulia. Ed McIlvenny, mwenzake wa klabu hiyohiyo, ndiye aliyekuwa nahodha siku hiyo. Na Joe Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekwenda New York kusoma, akawa anaosha vyombo mkahawani na kuifungia Brookhattan mabao. Msimu huo ndiye aliyeongoza kwa mabao katika ligi. Dakika ya 38 mwalimu Bahr akapiga shuti kutoka mbali, Gaetjens akajirusha, mpira ukamgusa kichwani ukaingia. Moja bila, mpaka mwisho. Mwezi wa Agosti McIlvenny akasajiliwa na Manchester United.

Mheshimiwa, siku ile hakuna aliyewaambia kwamba ligi yao ni burudani ya jioni.

Sasa tueleze jinsi ligi hiyo ilivyokufa, maana hapo ndipo penye faida yetu. Umaskini haukuiua, ilizaliwa nao na ikauzoea. Katika miaka ya 1970 viongozi walitaka ukubwa. Mwaka 1974 walimleta Bob Cousy, nyota wa mpira wa kikapu, awe kamishna. Mwaka 1976 ligi ikavuka bara zima hadi California, na Los Angeles Skyhawks wakatwaa ubingwa msimu wao wa kwanza. Fainali ya 1981 kule Charlotte ilihudhuriwa na watu zaidi ya 20,000, wenyeji Carolina Lightnin' wakashinda. Ukiitazama kwa nje ungesema ina afya. Kufikia 1983 zilibaki timu sita, zilizotawanyika kuanzia Detroit hadi Dallas hadi Jacksonville, na msimu huo ukawa wa mwisho. Sisi tunavyoona, ligi iliwakimbia watu waliokuwa wakiibeba, na safari zikala kilichobaki.

Kuna marafiki zetu waliotushauri tuziingize timu za Mombasa, hata za Voi, ili ligi yetu ionekane. Tulikataa bila kuwa na sababu nzuri ya kuwaeleza. Sasa tunayo. Ratiba yetu hufuata kazi: tunacheza wakati wa kusi, bahari ikiwa chafu na mahoteli yakiwa yamewapumzisha wafanyakazi. Kaskazi ikirudi na watalii wake, tunafunga. Mechi huanza saa kumi na nusu ili Magharibi isitukute uwanjani. Timu ya mbali kabisa inatoka Gongoni, na nauli yake tunachangiana.

Kwa hiyo, mheshimiwa, hatukuombi uifanye ligi yetu iwe kubwa. Wala hatukuombi kombe lenye jina lako. Ya namna hiyo tumeyaona, hupotea pamoja na kampeni. Tunaomba utusaidie ardhi ya uwanja huu iandikwe rasmi kuwa ya michezo, kabla hatujaamka siku moja tukakuta vigingi vimepigwa kwenye kona.

Tunaomba pia kabati la chuma lenye kufuli. Ligi ile ya Stark iliwalazimu watu, miaka mingi baadaye, kupekua magazeti ya kale ili wajue nani alifunga na lini. Nasi hatuko mbali na hapo. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, lakini waulize vijana hawa wakutajie mchezaji mmoja tu wa kikosi kile, uone watakavyotazamana. Madaftari yetu ya matokeo yako nyumbani kwa mweka hazina, juu ya dari, na mchwa wameyatangulia kuyasoma.

Mwisho tunakushukuru kwa kurudi, maana wageni wa ufunguzi ni wengi na wa kufunga ni wachache. Vikombe viko tayari mezani, na pilau iko tayari. Kabla ya kukabidhi, tunaomba utie sahihi daftari la msimu huu, chini ya orodha ya wafungaji.

Ahsante sana.

Imesomwa na katibu wa ligi kwa niaba ya viongozi na wachezaji.