YAH: LESENI 18 ZA WINDOWS, NA KUITWA WEZI KAUNTANI KWENU

Meneja Mkuu,

Naandika kwa heshima, ingawa jana sikuipata kwenu.

Mlituuzia leseni za Windows kwa kompyuta 18 za ofisi yetu; masharti yenu ya mauzo mnayajua, sitayarudia. Jana nimesimama kauntani, ankara na risiti ya EFD mkononi, mhudumu wenu akatazama picha za skrini nilizompelekea, akasema kwa sauti ya kufika mlangoni: "Kaka, hizi Windows zenu ni za wizi." Foleni nzima ikanigeukia.

Za wizi? Si mmetuuzia nyinyi? Ofisa mauzo wenu alikuja ofisini, akahesabu kompyuta 18 kwa kidole, halafu akatupa ufunguo wa KMS, ule unaotegemea seva ya kuamilisha, yaani kuzithibitisha Windows kuwa halali. Muuza leseni za jumla asiyejua kwamba seva ya KMS haiamilishi Windows za mezani mpaka zitimie kompyuta 25 anauza nini? Ufunguo wa MAK upo, unaamilisha mashine mojamoja bila kungoja idadi. Hamkuutaja.

Mkamleta fundi na flashi yake. Akabofya, akasema "tayari, bosi", akaondoka. Kumbe alizielekeza mashine zetu kwenye seva ya nje tusiyoijua! Uamilishaji wa namna hiyo ni wa siku 180 usipohuishwa. Seva ile ikapotea, na maandishi ya kudai uamilishaji yakatokea kwenye kona ya kila skrini, mhasibu akiwa katikati ya ritani za VAT.

Nalirudia la kaunta kwa sababu halijanitoka. Mteja aliyelipa ameitwa mwizi mbele ya watu kwa kazi ya fundi wenu. Nilipomwonyesha mhudumu nembo yenu kwenye ankara, hakuigusa. Aliita, "Anayefuata!" Kwenye foleni ile alikuwepo mteja wetu, na leo asubuhi amenipigia kuuliza kama nyaraka zake za forodha ziko salama kwetu.

Nataka ufunguo wa MAK wa mashine 18, na fundi mwingine wa kusafisha alichoacha yule. Na barua ya kuomba radhi, yenye muhuri, nimpelekee mteja wangu. Ijumaa saa kumi jioni ikipita kimya, ufunguo siutaki tena: nadai fedha zote, na barua hii itakwenda Tume ya Ushindani, COSOTA wanaosimamia hakimiliki, na kwa Microsoft, wenye Windows yao, ikiwa na jina la fundi na anwani ya seva aliyotumia. Wakili wetu ameshaisoma.

Meneja wa Ofisi,
Uwakala wa Forodha, Dar es Salaam