Barua kwa Mwanangu: Lile Kasha la Boti

Mikindani, mwezi wa nane

Mwanangu, mama yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, wa kheri, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limekuwa kama bawaba iliyokosa mafuta. Mamako anakusalimu sana, na anauliza wale dagaa umewapata au wameliwa njiani. Ujibu hilo kwanza, maana kila jioni naulizwa mimi, utadhani niliwala mimi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi huishia "haya, sawa" nikakata. Ninayotaka kukwambia hayatoshi kwenye "haya, sawa".

Lile kasha ulilonitumia kwa basi, daktari aliponikataza kuinama na tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, nilikwambia nimelipenda. Nilikudanganya. Nililitoa stendi, nikalisukuma chini ya kitanda, likakaa wiki tatu. Nilikuwa na hasira. Mtu nimeunda vyombo miaka arobaini, mashua zangu bado zinatoka usiku kwenda kuvua nje ya Msimbati, leo niletewe boti ya kuchezea, vipande vimeshakatwa, kazi yangu kupaka gundi! Mamako ndiye aliyelivuta siku anafagia. Akasema kama silitaki atawekea vitunguu.

Nilipolifungua nikakuta mabapa ya plaiwudi nyembamba, kingo zake nyeusi kama zimeunguzwa, kumbe zimekatwa kwa mwanga wa leza. Fito za mbao, nyingine nyeupe, nyingine nyekundu. Hizo nyekundu wanaziita mahogani, na kwa harufu nikaona ni ukoo mmoja na mkangazi wetu. Sukani mbili na rafadha mbili, ndogo kama vipepeo. Na karatasi. Karatasi, mama! Nilizikunjua zikafunika jamvi zima.

Nikamwita mtoto wa jirani, yule aliye kidato cha pili, anisomee Kiingereza. Akasema boti yenyewe ni Aquarama ya kiwanda cha Riva, kilicho Sarnico, ukingoni mwa ziwa Iseo huko Italia. Ya kwanza ilitoka 1962 na wakaendelea kuziunda hadi 1996. Ya kweli ina zaidi ya mita 8 na mashine mbili tumboni. Yetu ni sehemu moja ya kumi. Nikamuuliza, ziwani? Boti ya ziwani ndiyo inifundishe kazi mimi? Akanyamaza, ana adabu. Kisha akasoma hatua ya kwanza, nikamwambia umesoma nyuma mbele, rudia.

Hakuwa amekosea. Wewe unajua tunavyofanya sisi. Tunalaza mkuku, uti wa mgongo wa chombo, tunasimamisha fashini, miti ya mbele na nyuma, tunapandisha mbao za chini moja juu ya nyingine, na jicho ndilo linalosema hapa patanue, hapa pabane. Umbo likishajitokeza ndipo tunatia mataruma ndani, tukitafuta tawi la mkomafi lililojikunja lenyewe likaendana na tumbo la chombo. Ngozi kwanza, mbavu baadaye. Sasa hawa wanasimamisha mbavu zote juu ya mkuku kwanza, kila moja kwenye pengo lake, na ngozi inakuja mwisho kuvikwa. Chombo kimeshaamuliwa kabla ubao wa kwanza haujaguswa. Nilikaa nikalitazama lile gofu la mbavu kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Nilikuwa nikitafuta mahali ambapo fundi anaamua kitu, sikupaona. Baadaye ndipo nikafahamu kwamba aliyeamua ni yule aliyechora, na alikwisha kuamua.

Basi nikaanza kumtafutia makosa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliziba upande wa kulia wote, ufito baada ya ufito, kwa sababu ndio ulionielekea na goti halitaki kugeukageuka. Kwenye mashua mkuku ni gogo, haupindwi na ubao mmoja. Hapa mkuku ni plaiwudi ya unene wa sarafu mbili tatu. Asubuhi gundi imekauka, imevuta, chombo kimejikunja kama ndizi. Karatasi ilikuwa imesema waziwazi: ufito mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka mwisho. Bahati gundi nyeupe ya maji ina huruma, ukiikanda na kitambaa cha maji ya moto inalegea. Nikabandua fito kumi na moja, nikaanza upya na vibanio vya nguo vya mamako, ambavyo navyo vilinigombanisha naye. Fito za mbele, pale zinapopinda kufuata pua, nililoweka kwenye maji ya moto nikazikunja juu ya kopo lililowekwa makaa ndani. Huko hakuna aliyenifundisha, ubao ni ubao.

Supaglu haina huruma. Niliitia mahali pamoja tu kwa pupa, na pale vanishi haikuingia. Kuna baka karibu na usukani wa kushoto. Utaliona hata nisipokuonyesha.

Kosa la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mataruma ya nyuma, la saba na la nane, niliyaona yamekosewa. Mbele boti hii ina pua kali, tumbo lake limekaa kama kifua cha kuku, lakini kadiri unavyorudi nyuma ule ukali unafifia, chini panakuwa karibu bapa, na pale ubavu unapokutana na chini pana kona kama ya meza. Sijaunda chombo chenye kona namna hiyo maisha yangu. Nikachukua kisu nikazichonga zile kona zikawa mviringo, chombo kipendeze. Yule mtoto akatazama, akasema polepole, "Babu, mchoro hausemi hivyo."

Mama, kisu kilinidondoka.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Ulileta uji uwanjani, ukaliweka birika pembeni kama ulivyofundishwa, maana kwenye uwanja wa babu yako mwanamke havuki mkuku, na mimi niliurithi mwiko huo pamoja na tezo bila kuuliza ulitoka wapi. Ukanipa daftari. Ukasema umechora chombo. Tulikuwa tunachemsha shahamu ya deheni ya kupaka chombo, moto unafifia, kuni zimelowa. Nikacheka na vibarua, nikasema chombo hakiundwi kwa karatasi, nikalichana daftari nikawashia. Hukulia. Ulilichukua lile birika, likiwa bado na uji, ukarudi nyumbani.

Mara mbili umenitajia jambo hili ukubwani, na mara mbili nilisema silikumbuki. Nalikumbuka. Lilikuwa daftari la hesabu, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Nisichokikumbuka ni ulichokichora, kwa sababu sikukitazama.

Zile kona nilizirudisha kwa vipande vya mbao na gundi, nikazipiga msasa siku mbili mpaka zikaelekeana na mchoro. Safari hii nilipima kwa rula, mara nne. Kisha nikaviringisha msasa juu ya ufito mrefu nikasugua mbavu zote kwa pamoja, mbao zipate kulala juu ya kila taruma kwa upana wake, zisishike kwa ncha tu. Ngozi ni mbili: ya ndani nyeupe na nene kidogo, ya nje ile nyekundu, nyembamba kama ganda. Vanishi ndiyo iliyonitesa. Nilipaka koti la kwanza mvua za mwezi wa nne zikiwa hazijaisha, likaingia ukungu mweupe kama jicho la mzee. Nikalikwangua lote, nikangoja kusi ikaushe hewa. Kisha makoti tisa, na kila moja kabla ya lingine msasa laini wa 400. Sasa unajiona usoni ukiinama. Juzi walipita watalii wanaokuja kutazama pale Livingstone alipoanzia safari yake ya 1866, wakaipiga boti picha kama ishirini. Mashua yangu ya kweli ilikuwa nyuma yake, hakuna aliyeitazama. Niliudhika, na pia sikuudhika.

Lakini sikukuandikia nijisifu kwa vanishi. Nilitaka kujua zile kona ni za nini. Nikachonga kijimashua cha msufi, urefu ule ule, kwa umbo letu: matako ya mviringo yanayopanda juu. Vyote viwili nikavipakia vifuko vya mchanga vya uzito sawa. Maji yalipokuwa yamejaa vizuri nikafunga mshipi wa kuvulia kwenye mti mrefu, nikawaambia watoto wakimbie ufukweni wakivivuta, kimoja kimoja.

Wakitembea, cha kwetu kinakwenda vizuri kuliko cha Mtaliano. Kinateleza, hakipigi kelele. Cha Mtaliano kinasuasua, kinaburuta maji nyuma. Nikafurahi, nikasema kumbe. Watoto wakaanza kukimbia. Cha kwetu kikainua pua, kikakaa kwa matako, mshipi ukakaza mpaka mtoto akalalamika mkono unamuuma. Hata wakiongeza mbio hakiongezi, kinajichimbia shimo majini na kukaa ndani yake. Cha Mtaliano nacho kiliinua pua kwanza, nikadhani kitafanya yale yale, mara kikapanda. Kikatoka majini nusu, kikakaa juu ya maji, na mshipi ukalegea kidogo, mama, ukalegea! Tulirudia mpaka magharibi. Watoto walitaka soda na nilizinunua.

Nilipiga magoti mle majini, goti na liume, nikatazama kwa karibu. Kwenye matako ya mviringo maji yanaufuata ule mviringo yakipanda nao, na yakiufuata yanauvuta chini. Kwenye ile kona kali maji hayana pa kushika, yanakatika hapo hapo na kuachwa nyuma. Na lile bapa la chini linayakanyaga. Tanga halikuwahi kututaka tulijue hili, kwa sababu hakuna jahazi linalofika mwendo huo. Jahazi linapasua maji, na kwa kupasua maji mviringo ndio bora. Ila siku hizi hakuna anayekuja kwangu kutaka tanga. Wanakuja na mashine.

Na hapo ndipo yalipo maneno yangu. Mwaka juzi nilimuundia mtu mashua ya kufungia mashine ya nguvu za farasi 15. Alilalamika inakaa matako, inakula mafuta, na mwenye boti la faiba lenye mashine hiyo hiyo anampita akimpungia mkono. Nilimwambia hajui kuendesha. Tulisema vibaya mbele za watu. Wiki iliyopita nilimwendea, nikamtaka radhi, nikamwambia nitamuundia nyingine, kazi ya mikono sitaki malipo, atanunua mbao tu akishalipwa korosho zake kwenye mnada. Vijana wawili watashika tezo, mimi nitakaa kwenye kiti nitazame.

Sasa nataka mchoro. Sitaki wa Mtaliano, ule ni wa ziwa na wa tajiri. Mawimbi ya nje huku yangempiga tumboni mpaka meno yamdondoke, na mtu wetu akitoka na samaki anabeba uzito ambao ile boti haiujui. Sijui lile bapa lianzie wapi ili lipande likiwa na mzigo, wala pua iwe kali kiasi gani ili isibamize. Jicho langu halijaliona hilo popote. Wewe umesomea.

Vipimo anavyovitaka ni hivi: urefu mikono kumi na tano, upana tumboni mikono minne na shibiri, kina mikono miwili. Watu wanne, nyavu, na kasha la barafu. Mashine ni ile ile ya 15. Geuza mwenyewe kuwa mita. Nichoree kila taruma peke yake, la kwanza mpaka la mwisho, kwa ukubwa wake wa kweli kama unaweza, nilibandike juu ya ubao na kukata. Tutasimamisha mbavu kwanza. Vijana wameshaanza kunicheka.

Fungu la mchoraji nitalitoa kwenye akiba yangu, na ukikataa nitampa mamako akuletee, unajua hashindwi. Ukija, uingie uwanjani uje mpaka kwenye mkuku wenyewe, uuvuke ukitaka, upime kama nimeulaza sawa.

Boti yako iko juu ya kabati. Mashine yake ya umeme na betri havikuwemo kashani, nimeacha matundu ya shafti wazi, utavitia wewe.

Mchoro utume kwa basi, nitakwenda stendi mwenyewe. Andika tarakimu kubwa, macho yangu si yale. Na la dagaa usisahau.

Baba yako