Boti za ziwani zipimwe kelele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kelele za boti huku kwetu Luchelele, Mwanza. Mwisho wa wiki boti za matembezi zinapita kwa kasi karibu kabisa na mawe, muziki juu, na ukiwa barazani na jirani inabidi mnyamaze mpaka zipite. Tukilalamika tunaulizwa: "Kwani mmepima?"

Basi tupimiwe. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zipo tangu 2015 na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wasimamizi, ila tumezoea kuwaona kwenye baa na kumbi. Wakija ziwani, waje na alfajiri. Saa hizo hewa ya chini ikiwa ya baridi kuliko ya juu yake, sauti inapinda kurudi chini na kusafiri mbali. Mashine iliyo mbali unaisikia kama iko dirishani. Wakipima saa saba mchana upepo ukivuma, wataandika kwamba hakuna tatizo. Waandike wastani, kilele, na hali ya ufukwe kabla boti haijapita. Wakumbuke pia kwamba desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imepanda mara 10.

Wavuvi wa dagaa wasibebeshwe mzigo huu. Kelele yao nyingi ni ya mashine inayoendeshwa bila kifuniko: kamba ya kuwashia imekatika, mtu anavua kifuniko, anazungushia kamba yake kwenye gurudumu, anavuta, anaondoka hivyo hivyo. Hilo BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe, na fundi wa mwaloni zinapoegeshwa boti wanalimaliza.

Za matembezi dawa yake ni mwendo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inatuzuia sisi wa nchi kavu kufanya shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka majini, na ni sawa. Mwenye boti naye awekewe mstari wake. Uswisi, boti za starehe zikiwa ndani ya mita 300 kutoka ufukweni hazizidi kilomita 10 kwa saa. Hapa hata mita 200 zingetupumzisha, sisi na samaki aina ya furu pia, maana dume la furu humwita jike kwa sauti humo humo kwenye mawe.

TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, wanapokagua boti za abiria waongeze kipimo cha kelele. Jiji nalo lianze na maboya machache upande huu, kabla ya sikukuu za Desemba.

Mkazi wa Luchelele,
Mwanza