Elastini huanza kama tone, si kama utando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa afya, ambamo mwandishi alieleza kwamba elastini ni utando wa mpira uliotandazwa chini ya ngozi, na kwamba ukichakaa unaweza kuzibwa kwa mafuta ya kupaka yenye elastini. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia wa kidato cha tano na cha sita hapa Moshi, na wanafunzi wangu wamekuwa wakiinukuu makala hiyo kana kwamba ni kitabu cha kiada.

Elastini ni protini inayovutika na kurudi, na ikishakomaa haihitaji maabara ili ionekane. Ukipita asubuhi katika bucha za Mbuyuni utaiona kano nene ya rangi ya njano, ile inayopita juu ya shingo ya ng'ombe, ambayo muuza nyama huikata na kuitupa pembeni kwa sababu, tofauti na kano zenye protini nyingine, kolajeni, kwa wingi, ambazo hulainika na kuupa mchuzi uzito, hii hata ichemshwe kutwa nzima haiivi. Ukiivuta inarefuka, ukiiachia inarudi; lakini ikianikwa hadi ikauke kabisa huwa ngumu na kuvunjika, maana unyumbufu wake unategemea maji yaliyomo ndani yake. Swali ambalo makala ililikwepa ni hili: kitu kisichoyeyuka hata kwa kuchemshwa kiliwezaje kutoka ndani ya seli na kufika mahali pake?

Kilitoka kikiwa kimeyeyuka. Seli hutoa tropoelastini, yaani elastini ambayo bado haijafungwa kuwa uzi: mnyororo wa takribani asidi amino 700 (viungo vidogo vinavyojenga protini), ambamo sehemu zinazoyakwepa maji hupishana na sehemu zenye lisini, mojawapo ya asidi amino hizo. Katika maji baridi mnyororo huo huyeyuka, na maji hubaki angavu. Joto likikaribia nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili, maji huingia ukungu, kwa kuwa protini imejitenga na kuwa matone madogo ya kimiminika yaliyosheheni protini, yakielea katika maji yenye protini kidogo tu. Ukiyapoza tena, matone hupotea. Sisi tuliozoea kuona mafuta ya kula yakiganda kwenye chupa asubuhi za Julai tungetarajia kinyume chake. Kinachosababisha hali hiyo ni maji yenyewe: molekuli za maji zinazozizunguka sehemu zinazoyakwepa maji hulazimika kukaa kwa mpangilio, na joto linapopanda hujinasua, zikaiacha minyororo ikishikamana yenyewe kwa yenyewe. Hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2017 na watafiti Sarah Rauscher na Régis Pomès zilionyesha kwamba hata ikishikamana hivyo, minyororo hiyo haijipangi. Hubaki imevurugika na yenye majimaji, na vurugu hiyo ndiyo inayoipa elastini uwezo wa kuvutika na kurudi.

Baadaye kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachohitaji madini ya shaba huziunganisha lisini za minyororo jirani, na kilichokuwa tone huwa uzi usioyeyuka tena. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla ya utu uzima, na uzi ukishafungwa unaweza kudumu karibu umri wote wa mtu.

Kuhusu utando, mwandishi alikaribia ukweli pasipo kukusudia. Tone la elastini halina ngozi ya mafuta kama iliyo nayo seli, lakini lina mpaka: ndani yake mazingira ni tofauti na nje, molekuli nyingine hukaribishwa na kurundikana humo, nyingine hubaki nje. Matone ya namna hii yalikwisha kuelezwa na wanakemia wa Uholanzi, Bungenberg de Jong na Kruyt, mwaka 1929, na mwaka 2009 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walionyesha kwamba seli za mnyoo mdogo hutenga baadhi ya vitu vyake kwa matone kama hayo, bila utando wowote. (Darasani bado tunafundisha kwamba chumba cha seli ni lazima kizungushiwe utando, kwa sababu mtihani ndivyo unavyotaka.) Zaidi ya hapo, protini zilizotengenezwa maabara kwa kuiga elastini, zikipewa ncha moja inayopenda maji, hujipanga bega kwa bega na kujifunga kuwa vifuko vyenye uwazi ndani: huo sasa ni utando hasa, wa protini tupu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni shuka la kuwekewa kiraka. Elastini ya kwenye mafuta ya kupaka kwa kawaida hutokana na wanyama au samaki, na hukatwakatwa vipande ili iweze kuyeyuka. Vipande hivyo hukaa juu ya ngozi na kushika unyevu, jambo ambalo mafuta ya mgando nayo hulifanya kwa bei nafuu; lakini havina njia ya kuwa matone mahali panapostahili, wala ya kufungwa na kimeng'enya katika nyuzi zilizopo.

Naomba ukurasa wa afya ulirudie suala hili, na safari hii muuzaji wa mafuta hayo aulizwe kama protini iliyomo ni tropoelastini nzima au ni vipande, na vinafikaje chini ya ngozi.

Wako,
Mwalimu wa Baiolojia,
Moshi