Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: jetoni ndani ya kopo la maziwa

Mheshimiwa Meya,

Pole na kazi. Mimi ni mkaazi wa Katuba, hapa Lubumbashi. Nimetunza hesabu za kampani kwa miaka 31 na sasa nimestaafu. Sikuwa na nia ya kumwandikia mkubwa yeyote, mpaka yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, aliponiletea kopo lake.

Yaya anauza unga wa mahindi katika soko moja la mji huu. Jina la soko silitaji, maana bado anakaa pale, na meza ile ndiyo inayosomesha wajukuu. Kila asubuhi, kabla hajapima meka ya kwanza, yaani kopo la kupimia unga, kijana wa ushuru anapita, anapokea falanga 500, anachana jetoni, kikaratasi cha risiti, kitabuni na kumkabidhi. Yaya hakusoma sana, lakini karatasi hatupi. Zote anazitia ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga. Siku ile aliliweka mbele yangu akasema: “Mdogo wangu, makuta ya kampani ulikuwa unayahesabu. Hesabu na haya yangu.” Makuta, yaani pesa zake.

Nilizimwaga mezani. Nyingine zimeloa mafuta, nyingine zimekunjwa mpaka zimekuwa nyembamba kama njiti. Nikazipanga kwa tarehe. Nikakuta jetoni 3 zenye namba moja ileile, za siku 3 tofauti. Nyingine hazina namba kabisa, zina muhuri tu, nao umepigwa nusu nje ya karatasi. Na kuna siku 11 ambazo yaya alilipa bila kupewa kitu. Aliambiwa kitabu kimekwisha, jetoni italetwa mchana. Mchana haikuja.

Simwiti kijana yule mwizi, Mheshimiwa. Pengine aliyechapa vitabu alikosea. Lakini namba ikijirudia mara 3 na hakuna aliyeshtuka, ina maana hakuna anayeangalia. Hilo ndilo linaloniuma. Nimeona watu waaminifu wakiharibika kazini, na karibu kila mara chanzo kilikuwa hicho: waliachwa peke yao na sanduku, mwezi baada ya mwezi, mpaka siku ya shida nyumbani ikafika.

Mama zetu wa sokoni hawaachani hivyo. Nenda kwenye likelemba yoyote, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, hata ya wamama 10. Mmoja anapokea makuta, mwingine anaandika daftari, wa tatu anashika ufunguo, na siku ya kutoa wote wanakuwapo, makuta yanahesabiwa kwa sauti. Hakuna anayesema ametukanwa. Wanapendana, na bado wanahesabu. Naomba meri, ofisi yako ya mji, ijifunze kwao.

Sheria tunazo. Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 ilisema miji na komini, yaani mitaa mikubwa yenye utawala wake, zijisimamie zenyewe. Sheria ya 7 Oktoba 2008 ilikabidhi baraza la mji kazi ya kupitisha bajeti na kupokea hesabu za watendaji. Sheria ya fedha za umma ya 13 Julai 2011 inasimama juu ya kanuni ambayo sisi watu wa hesabu tulifundishwa siku ya kwanza: anayeamuru makuta yatoke siye anayeyashika. Wewe unatia sahihi, mtunza hazina analipa. Kanuni hiyo ikibana kalamu ya Meya, mbona isifike kwenye meza ya unga? Kule, mtu mmoja anapokea, ndiye anayehesabu, na ndiye anayepeleka hesabu ofisini.

Najua jibu linalotolewa mara nyingi: Kinshasa haitupi haki yetu. Ni kweli Katiba iliyapa majimbo 40% ya mapato ya taifa, na sheria ya 2008 ikasema miji, komini, sekta na machifu wapate 40% ya fungu hilo la jimbo. Dai hilo ni halali na nitalidai pamoja nawe. Lakini jetoni ya yaya haitoki Kinshasa. Inatoka mfukoni mwake, na kufika meri haihitaji ndege.

Tena sisi ni watu wa Haut-Katanga, tumekaa juu ya shaba na kobalti. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe Machi 2018, 15% ya mrabaha, malipo ya kampani kwa madini wanayochimba, inaenda kwa komini, sekta au uchifu wenye mgodi, wakati jimbo linapata 25%. Hizo ni dola nyingi. Ofisi iliyoshindwa kufuata falanga 500 kutoka mkononi mwa mama mpaka benki, dola hizo itazifuata kwa njia gani?

Watu wengi wanangoja IGF, ofisi kuu ya serikali ya ukaguzi wa fedha, ije. Wakaguzi wakishuka, mji mzima unafurahi. Nami nawaheshimu, ila mkaguzi anakuja makuta yakiwa yameshaliwa. Kopo la yaya lilikuwa na habari ile tangu asubuhi ya kwanza.

Ninachoomba ni kazi ya wiki chache. Vitabu vya jetoni vichapwe kwa namba zinazofuatana, viandikwe kwenye rejista ya meri kabla ya kutoka, na mpokeaji asipewe kitabu kipya mpaka arudishe cha zamani na vipande vyote vinavyobaki ndani yake. Makuta yalale benki, yasilale nyumbani kwa mtu. Kisha, na hili ndilo ninalolitaka kuliko yote, mtu wa tatu, asiyepokea wala kutunza, aende sokoni siku moja kila wiki bila kutoa taarifa, ahesabu meza. Zikiwa meza 400, siku hiyo ni falanga 200,000. Karatasi ya benki iseme hivyohivyo, au mtu aeleze. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Kijana mwenye kalamu ya bic na miguu mizuri anaimaliza kabla ya saa nne.

Na mlangoni mwa soko pawekwe ubao: mwezi uliopita tulipokea hiki, tulifanyia hiki. Mvua za Novemba zikianza, yaya anauza miguu ikiwa ndani ya tope, mfereji umezibwa na plastiki, na choo cha soko analipia mara ya pili. Akiona kwenye ubao kwamba makuta yalizibua mfereji, atalipa bila kununa. Nimemuuliza, ndivyo alivyojibu.

Hata makabidhiano ya ofisi, zile sherehe za remizi na reprizi mbele ya kamera, karatasi yake ibandikwe palepale. Tunaona sahihi zikitiwa, tusichoona ni orodha.

Yaya ameanza kopo la pili. Safari hii anaandika tarehe nyuma ya kila jetoni, na siku akilipa bila kupewa kitu anatia punje moja ya mahindi. Jana nilihesabu punje 4. Nipe siku na saa, Mheshimiwa, nitaleta makopo yote mawili ofisini kwako, na daftari niliyopanga namba zake.

Kwa heshima,

Mtunza hesabu mstaafu, Katuba