Barua ya wazi kwa Rais wa FIFA: Ufuteni uamuzi uliomzuia Maribel Domínguez

Kwa Mheshimiwa Gianni Infantino,
Rais wa FIFA, Zurich.

YAH: UAMUZI WA DESEMBA 2004

Mheshimiwa Rais,

Salamu kutoka Mwanza. Najua uamuzi ninaoulalamikia, wa kumzuia Maribel Domínguez kuchezea klabu ya wanaume, hukuutoa wewe. Mwaka 2004 ulikuwa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, na kiti cha FIFA alikikalia Sepp Blatter, yule yule ambaye Januari ya mwaka huo alishauri wanawake wavae kaptula za kubana ili soka lao livutie watu. Lakini uamuzi ulitoka kwa jina la FIFA, na mpaka leo haujafutwa hadharani.

Nikukumbushe. Desemba 2004 Atlético Celaya, klabu ya wanaume ya daraja la pili Mexico, ilimsajili Maribel Domínguez kwa mkataba wa miaka miwili. Sitabisha kwamba viongozi wa Celaya walizipenda kamera. Hata hivyo, hawakuwa wameokota mtu barabarani. Domínguez alikuwa na miaka 26, straika ambaye Wamexico wanamwita Marigol. Kombe la Dunia la Wanawake la 1999 Brazil iliichapa Mexico 7-1, na lile bao moja alilifunga yeye. Alicheza Atlanta Beat kwenye ligi ya kulipwa ya Marekani, mpaka ligi hiyo ilipoishiwa fedha na kufungwa Septemba 2003. Agosti 2004 alikuwa Ugiriki na timu ya taifa iliyofika robo fainali ya Olimpiki.

Swali kama mwanamke anaweza kucheza klabu ya wanaume likaletwa kwenu, na Kamati ya Utendaji ikajibu kwamba ni lazima soka la wanaume na la wanawake vitenganishwe waziwazi. Ikawa ndiyo basi. Sisemi angetamba pale Celaya. Pengine mabeki wangemzidi nguvu, akasugua benchi hadi msimu unaisha, kama wanavyosugua wanaume kibao. Hayo yalikuwa ya kocha kuamua, akiwa mazoezini na kuona kwa macho yake.

Utotoni, huko pembezoni mwa Jiji la Mexico, Domínguez alicheza chandimu na wavulana akijifanya mvulana mwenzao. Walimwita Mario. Wale watoto waligombania mpira naye, wakapigwa chenga, wakamrudishia, na hakuna aliyeona tatizo kwa sababu mpira alikuwa anaujua. Tatizo likaja kuonekana Zurich.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: mlimwambia abaki upande wa wanawake wakati nchini kwake upande huo haukuwa na ligi ya kulipwa. Akavuka bahari kwenda Barcelona. Ligi ya wanawake ya Mexico, Liga MX Femenil, ilianza Julai 2017. Hesabu mwenyewe, Mheshimiwa: Domínguez alikuwa na miaka 38. Na wala msiniambie watu hawakuwa tayari, maana mwaka 1971 mashabiki wapatao 110,000 walijaa uwanja wa Azteca, Jiji la Mexico, kuwatazama wanawake wa Mexico na Denmark, katika mashindano ambayo FIFA hamkuyatambua.

Ligi ilipopatikana, klabu zikafanya jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kutafuta kibarua angelitabiri. Zilikubaliana mishahara isizidi kiwango fulani, na zikazuia wachezaji kuhama kwa uhuru. Mwaka 2021 tume ya ushindani ya Mexico ilizitoza faini klabu 17, pamoja na shirikisho la soka la nchi hiyo na watu wengine, jumla ya peso milioni 177.6. Kwa mujibu wa tume hiyo, kikomo cha mwanzo cha mshahara wa mchezaji aliyezidi miaka 23 kilikuwa peso 2,000 kwa mwezi, na wa chini ya hapo peso 500. Mtaona hayo ni mambo ya klabu, FIFA haihusiki. Mimi naona yanatoka kwenye shina moja. Mchezaji asiye na mlango wa pili wa kubisha hupangiwa bei na aliyeushika huo mmoja, na mwaka 2004 ninyi mliufunga mlango wa pili.

Nasi huku yanatugusa. Mtanzania mwenzetu Julietha Singano alikwenda FC Juárez na Mtanzania mwingine, Enekia Lunyamila, akaenda Mazatlán, zote klabu za ligi hiyo hiyo wakati huo. Wanapokaa mezani kusaini, wanakuta soko lililoanza na zile peso 500.

Halafu huo utenganisho wenyewe umeshaanza kutoboka. Mwaka 2020 Uholanzi ilimruhusu Ellen Fokkema kucheza timu ya kwanza ya wanaume ya VV Foarut, na mwaka huo huo Yuki Nagasato wa Japani akajiunga na Hayabusa Eleven, timu ya wanaume ya kwao. Hizo ni ngazi za chini, za ridhaa. Kwa hiyo mwanamke anaweza kugongana na wanaume pasipo na mshahara, lakini Domínguez alipoletewa mkataba wa kulipwa ndipo mkakumbuka kutenganisha. Nani analindwa hapo?

Ombi langu halina gharama. Baraza la FIFA liufute uamuzi wa 2004 kwa azimio la maandishi, na kanuni za usajili ziseme kwamba pale ambapo nchi haina ligi ya wanawake ya kulipwa, klabu yoyote inayomtaka mchezaji mwanamke iruhusiwe kumsajili. Mexico iliingia kwenye zabuni ya Kombe la Dunia la Wanawake 2031, kwa hiyo muda wa kulimaliza hili upo. Na nakala ya kwanza ya azimio hilo apelekewe Maribel Domínguez.

Wako,
Shabiki wa soka la wanawake,
Mwanza, Tanzania