Msimtwishe mfugaji mzigo wa mtega waya

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya juzi kuhusu chui milia wa Asia imenishinda kuvumilia. Takwimu mliziweka sawa: mwanzoni mwa karne iliyopita walikadiriwa kufika 100,000; mwaka 2010, nchi 13 zenye wanyama hao zilipokutana St Petersburg, walikuwa wamebaki kama 3,200; sasa wamepanda hadi karibu 5,600, hasa kwa jitihada za India na Nepal. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni pale mlipofika kwenye sababu, mkaandika kwamba adui mkubwa wa mnyama huyu ni mwanakijiji mwenye mifugo anayeishi kando ya hifadhi, na kwamba Tanzania ijifunze hapo kwa ajili ya simba na chui wetu.

Mwanakijiji huyo ni mimi. Nafugia Chemba, upande unaopakana na Pori la Akiba Swagaswaga. Kiangazi cha mwaka juzi chui aliruka miiba ya zizi langu usiku, akaua mbuzi watano, akaondoka na mmoja. Kesho yake akarudi. Chui mwenye afya, mwenye ngiri na nyani wa kuwinda, hana sababu ya kung'ang'ania zizi lenye mbwa na watu wenye tochi. Vijana wa jirani wakaja na chupa ya sumu, wanataka tuipake kwenye mzoga. Nilikataa, kwa sababu mzoga wenye sumu hauchagui mlaji: atakufa chui, atakufa fisi, watakufa mbwa wetu na tumbusi wote watakaotua. Februari 2018 kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha walikutwa simba 6 wamekufa kwa sumu, na makumi ya tumbusi pamoja nao. Basi askari wa wanyamapori walipompata yule chui korongoni, alikuwa amekonda mbavu zinahesabika, mguu wa mbele umevimba, waya umezama kwenye nyama mpaka mfupani. Waya wa tairi lililochomwa moto, ule ule wanaotegea swala na digidigi ili nyama iuzwe mjini kwa siri! Mfugaji gani atatega waya porini wakati ng'ombe wake ndiye atakayekuwa wa kwanza kunasa? Aliyetega alishapata fedha yake akaenda zake. Mimi nikabaki na mizoga, halafu gazeti langu mwenyewe linaniita adui.

Na huko Asia ni hivyo hivyo. Mwaka 2020 shirika la uhifadhi wa wanyamapori la WWF lilikadiria kwamba kuna mitego ya waya milioni 12 ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa ya Kambodia, Laos na Vietnam. Kambodia chui milia wa mwisho alionekana kwenye kamera ya porini mwaka 2007. Hifadhi ya Sariska kule India ilimaliza chui milia wake wote miaka ya 2004 na 2005, na waliowamaliza ni majangili waliokuwa wakifuata ngozi na mifupa. China ilipiga marufuku biashara ya mifupa hiyo mwaka 1993, lakini hadi leo maelfu ya chui milia wanafugwa Asia kwenye mabanda, na soko halijafa. Mifupa yao ilipoadimika, wafanyabiashara waligeukia mifupa ya simba kutoka Afrika Kusini. Hilo ndilo la kutuonya sisi, mhariri, na makala yenu haikumtaja mnunuzi popote.

Kuna na hili la sumu yenyewe. Nenda mnada wowote huku kwetu: dawa ya kuua wadudu inapimwa kwenye chupa za maji ya kunywa, haina lebo wala maelezo, imepangwa meza moja na chumvi na biskuti za watoto. Ushuru wa meza hiyo unakusanywa kila mnada na hakuna anayeuliza. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani fedha ambazo serikali humpa aliyeumizwa au kuharibiwa mali na wanyamapori, zipo tangu 2011. Nilijaza fomu, nikaambatanisha picha za mbuzi, na ofisi niliyoipelekea mpaka leo inanijibu kwamba imepelekwa mbele. Yule kijana mwenye chupa alikuwa amekwishajibiwa hivyo kabla yangu.

Ninachotaka ni hiki. Kuanzia Juni hadi Oktoba, kila kijiji kinachopakana na pori kiruhusiwe kuingiza vijana wake pamoja na askari, siku mbili kila mwezi, kutoa mitego. Waya upimwe kwa mizani ya mnada mbele ya mtendaji wa kijiji, na kijana alipwe kwa kilo siku hiyo hiyo, mkononi. Usilipwe waya ambao askari hakuuona ukifunguliwa mtini, la sivyo watu watachoma matairi nyumbani. Waya huo tupewe wafugaji tuimarishie milango ya mazizi. Nanyi mchapishe kila mwezi, kwenye habari za mikoa, jina la kijiji na kilo zilizotolewa. Chemba tuko tayari kuanza Juni hii.

Mfugaji,
Chemba, Dodoma